Majabali ya Moru

Kusini ya Seronera, katika mbuga ya Serengeti, yako majabali yaitwayo Moru. Yamesimama juu ya uwanda wa nyasi kama visiwa juu ya bahari shwari, na miti imejishika katika nyufa zake kana kwamba inaogopa kuanguka. Chini ya jabali mojawapo upo ukuta wa mwamba uliochorwa ngao kwa rangi nyekundu, nyeupe na nyeusi. Michoro hii haikufanywa na watu wa kale waliosahauliwa jina na kabila. Ilifanywa na morani wa Kimasai, waliokuwa na desturi ya kwenda mbali na maboma yao kuchinja na kula nyama, na katika mapumziko ya karamu zao wakaacha juu ya mwamba alama za ngao zao. Jirani na hapo liko jabali jingine ambalo likigongwa kwa kijiwe hulia kama kengele. Wageni kutoka nchi zote za dunia huletwa hapa kwa motokaa. Hutazama, hushangaa, hupiga picha. Huambiwa, na ni kweli, kuwa Wamasai ndio waliochora. Ni wachache waulizao wachoraji walikwenda wapi.

Walikwenda mashariki, mwaka 1958, kwa sababu ya hati. Habari za hati hiyo, na za upinzani ulioitangulia na uliokuja baada yake, zinastahili kuelezwa kwa utulivu, maana zimeelezwa mara nyingi kwa hasira na mara nyingine kwa kujipendekeza. Watu wa mbali wamezoea kusikia hadithi moja tu: walikuwako wanyama, wakaja wafugaji na mifugo yao kuharibu, wakatokea watu wema wakaiokoa nchi. Hadithi hiyo ni fupi mno kuwa kweli.

Mchungaji wa nchi ile hakuwa mtu asiye na mpango. Kila mwaka, katika miezi ya Februari na Machi, nyumbu huzaa kwenye nyanda za nyasi fupi, kati ya Olduvai na Ndutu. Maelfu kwa maelfu ya ndama huzaliwa katika majuma machache, na muda mfupi baada ya kuanguka chini ndama huweza kukimbia ubavuni mwa mama yake. Jambo hilo huwafurahisha wageni. Mwenye ng'ombe humtia hofu, kwa sababu ndama wa nyumbu hubeba ugonjwa ambao haumdhuru yeye wala mama yake, lakini ng'ombe akiupata hafiki mbali. Macho yake hufunikwa na ukungu, kamasi hutoka, homa humchoma, naye hufa. Wataalamu waliufahamu ugonjwa huu kwa darubini. Mmasai aliufahamu kwa hasara. Kwa hiyo nyumbu walipoanza kuzaa aliwakusanya ng'ombe zake akawapandisha nyanda za juu, akawaachia nyumbu majani yaliyokuwa matamu kuliko yote, yaliyostawi juu ya majivu ya kale ya volkano. Ndama walipokua na hatari ilipopungua, alishuka tena. Huo ulikuwa mpango uliotimia. Ulikuwa na majira yake, ulikuwa na mipaka yake, ulikuwa na adhabu yake kwa mvunjaji, na mtoto mdogo alijifunza kwa kutembea nyuma ya ndama wa baba yake. Kasoro yake ilikuwa moja. Haukuandikwa.

Mpango wa karatasi ulikuja polepole. Mwaka 1940 sheria ya Serikali ya Kiingereza iliitaja Serengeti kuwa mbuga ya taifa, lakini vita vya dunia vikaifanya sheria hiyo ilale. Mwaka 1948 ilitungwa sheria ya mbuga za taifa za Tanganyika, na mwaka 1951 Serengeti ikawekwa chini ya wadhamini wake, pamoja na kreta ya Ngorongoro na nyanda zake za juu. Wamasai waliokuwa wakikaa mle waliambiwa kuwa haki zao hazitaguswa. Neno hili lilikuwa jepesi kutamkwa na gumu kutimizwa, kwa kuwa mbuga ya taifa na boma la ng'ombe yalikuwa makusudi mawili ya watu wawili mbalimbali. Wadhamini walitaka moto usiwashwe. Mchungaji alichoma majani makavu ili machanga yaote na kupe wapungue. Wadhamini hawakutaka jembe. Ndani ya kreta na kandokando ya Empakaai walikuwako watu waliokwisha lima kwa miaka, wengine wao si Wamasai. Mwaka 1954 kilimo kikakatazwa katika mbuga yote.

Hapo manung'uniko yakawa upinzani. Wenyeji walilima tena mahali walipokatazwa, walikwenda barazani walipoitwa na wasipoitwa, wakasema lile lile: kwamba waliahidiwa. Jambo lisilotajwa sana ni kuwa Serikali yenyewe ilikuwa na ndimi mbili. Wadhamini wa mbuga walitamani nchi iwe tupu ya watu. Mabwana shauri wa wilaya, waliokutana na wazee uso kwa uso, walijua kwamba neno limekwisha tolewa, na kwamba kulirudisha katika nchi ya Wamasai si kazi ya kalamu peke yake. Mwaka 1956 ulimi wa pili ulielekea kushinda. Ulitolewa waraka uliopendekeza Serengeti igawanywe: ibaki sehemu ya magharibi, na kreta ya Ngorongoro, na kreta ya Empakaai, kila moja iwe mbuga ndogo peke yake, nchi iliyobaki kati yake iwe ya wafugaji.

Mambo yangaliweza kuishia hapo. Lakini waraka huo ulifika London na New York, na huko walikuwako watu waliokuwa na sauti kubwa kuliko mzee wa Loliondo. Vyama vya wapenda wanyama vya Uingereza na Marekani vilipinga kwa nguvu. Basi ukapatikana upinzani wa namna mbili juu ya mpango mmoja: wenyeji walipinga kwa kuwa mpango uliwanyima kingi, na wageni walipinga kwa kuwa uliwaachia wenyeji kingi. Mmoja wa wapinzani hawa alikuwa na njia ya kufika kwa mawaziri na magazetini; mwingine alikuwa na miguu yake.

Chama kimoja cha Uingereza kilimtuma Profesa W. H. Pearsall, mtaalamu wa mimea kutoka London, ambaye aliitembelea nchi mwishoni mwa mwaka 1956 na kutoa taarifa yake mwaka 1957. Pearsall hakuwa adui wa mtu. Aliona kuwa kuikata nchi vipande vidogo hakuwezi kuwafaa wanyama wasafirio na mvua. Akashauri nyanda za magharibi ziwe mbuga isiyo na wakazi, na nyanda za juu za Ngorongoro zitunzwe kwa ajili ya maji, misitu, mifugo na wanyama kwa pamoja. Kamati ya uchunguzi iliyoundwa mwaka huo ilikubaliana naye katika mengi.

Akaja pia Bernhard Grzimek, mkuu wa bustani ya wanyama ya Frankfurt, pamoja na mwanawe Michael. Walikuja na eropleni ndogo iliyopakwa milia kama ya punda milia, wakawahesabu wanyama kutoka juu, nyumbu peke yao wakawa karibu 99,000. Tarehe 10 Januari 1959 eropleni iligongana na tumbusi, ikaanguka, na Michael akafa naye ni kijana wa miaka 24. Kaburi lake liko ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro. Filamu waliyoitengeneza ilipata tuzo ya Oscar mwaka 1960, na ndiyo iliyowafundisha mamilioni ya watu wa Ulaya jina la Serengeti. Mtu asiyeheshimu kifo cha kijana aliyekufa kazini ana moyo mbovu. Hata hivyo yafaa kusemwa kuwa jicho la angani lina ukomo wake. Kutoka juu nyumbu huhesabika, na ng'ombe huhesabika, na moshi wa boma huonekana. Ahadi iliyotolewa chini ya mti haionekani.

Kabla ya ajali hiyo hati ilikuwa imekwisha tiwa mkono. Tarehe 21 Aprili 1958 wazee kumi na wawili wa Ngorongoro na Loliondo, kwa niaba ya Wamasai wote wa sehemu hizo, walikubali kuiacha nchi yote iliyo magharibi ya mstari waliokuwa wameonyeshwa na mkuu wa wilaya. Walikubali kuhama wao, mali yao na mifugo yao kabla ya mwisho wa Desemba mwaka huo. Walikubali vile vile kwamba katika miaka ijayo hawatakuwa na haki ya kuuvuka mstari huo. Hati iliandikwa kwa Kiingereza.

Kwa niaba! Neno hili dogo limebeba mzigo mkubwa. Katika desturi ya Kimasai laigwanani ni msemaji wa rika lake. Heshima yake hutokana na kusikiliza kwake, na shauri hukatwa baada ya mazungumzo marefu, siku baada ya siku, mpaka asipatikane tena mwenye la kuongeza. Yeye hasemi kwa rika lisilozaliwa. Malisho hayakuwa mali yake auze, wala ya baba yake arithishe. Yalikuwa ya wote kwa majira yao. Serikali ilihitaji mtu wa kutia mkono, na kwa kuwa hakuwako mwenye mamlaka hayo, iliwatafuta waliofanana naye. Wale wazee hawapaswi kulaumiwa. Walielewa, kama mtu mzima aelewavyo, kuwa wangekataa nchi ya magharibi ingechukuliwa vivyo hivyo, na walitaka walau kupata kitu badala yake.

Na afikiriwe mtu aliyezaliwa Moru mwaka 1940. Jina lake si lazima. Walikuwako wengi wa namna yake. Mwaka wa hati alikuwa na umri wa miaka kumi na minane, yaani umri wa morani, umri wa kuchora ngao. Alisukuma ng'ombe za baba yake kuelekea mashariki, na pengine aligeuka nyuma mara moja au mbili. Aliambiwa kuwa mbele yake ipo nchi nyingine ambayo haitachukuliwa.

Kitu kilichopatikana badala yake kilikuwa Ngorongoro. Mwaka 1959 nyanda za juu na kreta zilitengwa na Serengeti, zikawa eneo la hifadhi lenye sheria yake, ambamo wanyama na wafugaji wangekaa pamoja. Palikuwa na ahadi za visima na mabwawa, za matibabu ya mifugo, na za kushirikishwa katika utawala. Mwezi wa Agosti mwaka huo Gavana, Sir Richard Turnbull, alizungumza na baraza la Wamasai, akawaambia kuwa ikitokea siku faida ya wanyama ikapambana na faida ya wakazi, ya wakazi ndiyo itakayotangulia. Maneno haya yamekaririwa Ngorongoro tangu siku ile na babu kwa mjukuu. Waswahili husema ahadi ni deni. Wamasai walilipa upande wao mara moja, kwa nchi nzima. Upande wa pili ulipewa nafasi ya kulipa kidogo kidogo, na mkopaji apewaye nafasi hiyo hujulikana tabia yake.

Halmashauri ya kwanza ya Ngorongoro ilikuwa na wazee wa Kimasai ndani yake. Haikudumu. Mwaka 1961 ilivunjwa, madaraka akapewa Mhifadhi. Wa kwanza kukabidhiwa kazi hiyo alikuwa Henry Fosbrooke, mtu aliyeijua lugha na mila, na hapana budi kukiri kuwa alijaribu. Lakini mahali palipokuwa na wajumbe pamebaki wasikilizaji. Baadhi ya visima na mabwawa yaliyoahidiwa yaliharibika mapema. Katika miaka hiyo ya mwanzo morani wenye uchungu waliwachoma vifaru mikuki, wakawaacha pale pale walipoanguka, ili wakubwa waone. Kitendo hiki hakina utetezi. Kifaru hakutia mkono hati yoyote. Bali mwenye kutaka kujua hasira ya watu waliochoka kusema barazani na aitazame hapo, kisha ajiulize kwa nini iliwalazimu kuandika kwa mkuki.

Uhuru ulipokuja Desemba 1961 Serikali mpya iliurithi mpango pamoja na deni lake. Miezi mitatu kabla, mjini Arusha, Mwalimu Nyerere alikuwa ametangaza kuwa wanyama wa mwitu ni amana ya taifa. Neno hilo lilikuwa jema na la haki, na dunia ililipokea kwa shangwe. Amana ya wafugaji haikuwa na mkutano wake.

Hapo ndipo nchi yenyewe, bila kushauriana na mtu, ilipougeuza mpango. Tangu miaka ya mwisho ya karne ya kumi na tisa sotoka ilikuwa ikiwaua ng'ombe na nyumbu pamoja. Mabwana mifugo waliwachanja ng'ombe wa nchi zilizozunguka Serengeti, na kufika katikati ya miaka ya 1960 sotoka ilikuwa imetoweka kwa nyumbu pia, ingawa hapana nyumbu aliyechanjwa hata mmoja. Wakaongezeka. Wale waliokaribia 99,000 katika hesabu ya Grzimek walifika kiasi cha 1,300,000 mwaka 1977. Dawa ya ng'ombe wa mchungaji iliwaponya nyumbu, na nyumbu wakamnyang'anya mchungaji majani yake. Walijaza nyanda fupi kuliko zamani, na ndama wao wakaeneza ugonjwa wao mahali pengi kuliko zamani. Ng'ombe walilazimika kukaa juu muda mrefu zaidi. Huko juu moto ulikuwa umekatazwa, majani magumu yasiyoliwa yalikuwa yakienea, na kupe walikuwa wengi. Na kupe ndiye mchukuzi wa ndigana kali, ambayo huwaua ndama wa ng'ombe kabla hawajajua ladha ya majani. Hivyo mtu aliyeambiwa kuwa mifugo yake itaiharibu nchi aliishi kuona mifugo hiyo ikikwama mahali pamoja, huku watu wakizidi. Karibu na mwaka 1960 wakazi wa Ngorongoro hawakuzidi sana 10,000. Mwaka 2017 walihesabiwa zaidi ya 90,000. Ng'ombe hawakuongezeka kwa kiasi hicho hata kidogo.

Nyumba yenye watoto wengi na maziwa machache huhitaji nafaka. Huo ndio mzizi wa ugomvi mrefu juu ya shamba dogo la mahindi. Wapangaji wameliandika shamba hilo kama uharibifu, na kwenye ramani huonekana kama doa. Kwa mwanamke wa Kimasai lilikuwa kipande cha ardhi nyuma ya boma, mahali palipokaa ng'ombe mwaka uliopita na mbolea ingali pale, akalima kwa jembe la mkono, akapata mahindi na maharage ya miezi michache. Mwaka 1975 sheria iliukataza ulimaji wote. Tangu hapo nafaka ilipaswa kununuliwa, na ili inunuliwe ng'ombe alipaswa kuuzwa. Ng'ombe huuzwa wakati wa kiangazi, akiwa amekonda na bei yake imeanguka. Mahindi hununuliwa wakati huo huo, bei yake ikiwa imepanda. Hesabu ya namna hii haihitaji shule. Mwaka 1992 Waziri Mkuu, John Malecela, alizuru na kuruhusu mashamba madogo, na watu walishukuru kama waliopewa zawadi. Mwaka 2009 ruhusa iliondolewa.

Mwaka mmoja kabla ya sheria ile ya 1975, katika mwaka 1974, wale waliokuwa bado wakiishi ndani ya kreta walitolewa. Walitolewa na askari, kwa ghafla, maboma yao yakaachwa nyuma. Ikiwa yule mzaliwa wa Moru alikuwa amehamia bondeni baada ya mwaka 1958, kama ilivyowezekana, basi alihamishwa mara ya pili naye ana miaka thelathini na minne, mke na watoto. Kuanzia siku ile aliruhusiwa kuwashusha ng'ombe zake kreta mchana kwa ajili ya chumvi na maji, na jioni kuwapandisha. Miaka zaidi ya arobaini baadaye ruhusa hiyo nayo ikakoma.

Liko jambo jingine katika mipango hii, dogo machoni, ambalo labda limeumiza kuliko kukatazwa kulima. Mmasai alikubaliwa kukaa Ngorongoro kwa sharti la kuwa Mmasai, na maana ya Mmasai ilikuwa imekwisha amuliwa na wengine. Alipendwa na mkuki wake, shuka yake nyekundu, na nyumba yake ya samadi. Alipotaka kuezeka bati alihitaji kibali. Alipotaka duka, au ukuta wa matofali, aliambiwa kuwa anaharibu sura ya nchi. Watu wa mahali pengine popote katika Tanzania walihimizwa wajenge nyumba bora na kuacha yaliyopitwa na wakati. Huyu peke yake alionywa asisogee. Aliposogea, ilisemwa kuwa amepoteza asili, na aliyepoteza asili hana tena sababu ya kukaa hifadhini. Aliposimama pale pale, ilisemwa kuwa hana maendeleo, na mahali pengine angepata maendeleo. Mlango huo ulifungwa pande zote mbili.

Mwaka 1979 Ngorongoro iliingizwa katika urithi wa dunia, na heshima hiyo ilileta wageni, na wageni walileta fedha. Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo isemwavyo. Baadhi ya fedha zimerudi kwa wenyeji kwa njia ya Baraza la Wafugaji, katika ada za shule na chakula cha msaada, na ni haki kulisema jambo hilo. Lakini msaada hupimwa na mtoaji. Mpango Mkuu wa mwaka 1996 ulipotayarishwa, wakazi walinung'unika kuwa umeandikwa juu yao pasipo wao. Walikuwa wamelisema hilo mwaka 1954, na watalisema tena.

Haki pia inataka sauti ya Serikali isikiwe. Watu waliozidi mara nyingi katika eneo lile lile la kilomita za mraba zipatazo 8,300 ni jambo la kweli. Shule, zahanati, barabara na kuni za watu hao ni jambo la kweli. Misitu ya nyanda za juu huvuta mawingu na kulisha chemchemi ambazo hata wakulima wa Karatu walio nje ya hifadhi huzitegemea. Mtu asemaye kuwa hakuna tatizo hana macho. Tena wapinzani wenyewe hawajawa malaika daima. Wamo miongoni mwao wenye makundi makubwa wasemao kwa jina la maskini asiye na mbuzi, na ulimaji wa wengine uliwahi kupita kiasi cha mahitaji ya nyumba. Lakini kila mpango, tangu ule wa 1951, umewahesabu wakazi katika orodha moja na moto, kupe na mmomonyoko: kitu cha kuzuiwa kisizidi. Wenyeji hawajapinga kutunzwa kwa nchi. Waliitunza kabla ya mtu mwingine kuijua. Wamepinga kuwekwa katika orodha hiyo.

Mwaka 2022 ulianza mpango wa kuwahamisha wakazi wa Ngorongoro kwenda Msomera, katika wilaya ya Handeni, mkoa wa Tanga, mwendo wa mamia ya kilomita. Nyumba zilijengwa, mashamba yakagawanywa, na Serikali ikasema kuwa kila aendaye huenda kwa hiari. Wako waliokwenda kwa furaha, kwa kuwa walipata hati ya nyumba na ruhusa ya kulima, mambo ambayo Ngorongoro hayakuwako. Wako waliosema kuwa hiari hupungua nguvu pale huduma zinapopunguzwa kwa anayebaki. Mwezi wa Agosti 2024 vijiji vya Ngorongoro vilifutwa katika orodha ya Serikali, na maelfu ya watu, wanawake wakiwa wengi, walitoka na kuijaza barabara ipitayo magari ya watalii. Mahakama Kuu mjini Arusha ikasimamisha amri hiyo. Desemba mosi mwaka huo Rais alikutana na wawakilishi wa Wamasai mjini Arusha, na Februari 2025 tume mbili ziliundwa, moja juu ya mgogoro wa ardhi, nyingine juu ya kuhama kwenyewe.

Yule mzaliwa wa Moru, ikiwa Mungu alimpa umri, alikuwa na miaka themanini na miwili wakati safari za Msomera zilipoanza. Pengine alifuatwa na kijana mwenye fomu mkononi, mwenye adabu, aliyemwamkia shikamoo na kueleza kwa upole nyumba ina vyumba vingapi na shamba lina ukubwa gani. Mzee wa umri huo hana haraka. Angemkaribisha kijana akae, angeuliza habari za wazazi wake na za mvua ya kwao, kisha angetaka asomewe fomu yote, mwanzo hadi mwisho, kwa lugha yake. Naye angekuwa na swali moja tu la kuuliza baada ya kusomewa: hii ni ya miaka mingapi?